Hesabu Isiyoonekana: Kutoka Mbiru ya Upare hadi Mashine za Kura

Mapema mwaka 1946, Bwana Shauri wa Upare, yaani mkuu wa wilaya wa serikali ya mkoloni, alipanda Usangi akakuta mamia ya wanawake wanamngoja. Waume zao walikuwa wamemiminika Same kwa maelfu tangu mwaka uliotangulia kuipinga kodi ya mbiru, na wake walikuwa wamechoka kulima na kulea peke yao. Walimtaka amalize shauri la kodi ili wanaume warudi nyumbani. Majibu yake hayakuwaridhisha, na mawe yakarushwa.

Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima ya Upare, aliandika historia ya mgogoro huo. Wapare hawakuwa wamekataa kulipa kodi. Ya kichwa walikuwa wakiilipa. Kilichowaudhi ni kukadiriwa. Watu wachache walikaa, wakapima mali ya kila mmoja, kisha wakamtajia kiwango chake, na mlipaji hakuwa na njia ya kuhakikisha kimefikiwaje. Baada ya vuta nikuvute ya muda mrefu, serikali ya mkoloni iliifuta mbiru.

Miaka 80 baadaye, mashine za kura zinaulizwa swali lile lile duniani kote: hesabu hii nani ameiona?

Usangi yenyewe haijawahi kuhesabiwa kura na mashine. Saa 10 jioni kituo kinapofungwa, sanduku hufunguliwa mbele ya mawakala wa vyama. Karatasi hukunjuliwa moja moja, huinuliwa ili kila aliyemo chumbani aione alama ya vema, kisha huwekwa kwenye fungu la mgombea wake. Yenye alama mbili hubishaniwa hapo hapo. Mwisho hujazwa kwa kalamu Fomu 21A ya urais, 21B ya ubunge na 21C ya udiwani, mawakala wakatia saini, na matokeo yakabandikwa nje. Ni kazi ya kuchosha, hasa baridi ya mlimani ikishaingia, lakini haihitaji mtaalamu. Anayejua kusoma tarakimu anaweza kuisimamia.

Mashine ziliingia Tanzania kwa mlango wa uandikishaji. Mwaka 2015 Tume ya Uchaguzi ilitumia BVR, vifaa vya kuchukua picha na alama za vidole, ikaandikisha wapigakura zaidi ya milioni 23. Malalamiko yalikuwepo, likiwemo la vidole vilivyosuguliwa na jembe mpaka kifaa kikashindwa kuvisoma. Kura zenyewe, hata hivyo, ziliendelea kuhesabiwa kwa mkono.

Majirani walikwenda mbali zaidi. Machi 2013 Wakenya walikaa mbele ya televisheni wakitazama kura zilizoharibika zikipanda hadi kupita 300,000. Mwenyekiti wa tume, Isaack Hassan, alieleza baadaye kwamba programu ilikuwa ikizizidisha kura hizo mara nane. Kosa hilo liliweza kusahihishwa kwa sababu fomu za karatasi zilikuwepo. Ubelgiji nayo ilionja hali kama hiyo mwaka 2003, mgombea mmoja wa Schaerbeek alipoongezewa kura 4,096 na kompyuta. Ziligunduliwa tu kwa kuwa jumla yake ilikuwa haiwezekani. Zingekuwa 300, pengine zingepita kimya kimya.

Kisa kinachostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Desemba 30, 2018, chini ya mwenyekiti Corneille Nangaa, tume ya huko, CENI, ilipeleka vituoni mashine zilizotengenezwa na kampuni ya Miru ya Korea Kusini. Mpigakura aliingiza karatasi, akagusa picha ya mgombea kwenye kioo, mashine ikachapa chaguo lake, naye akaitumbukiza karatasi sandukuni. Wapinzani waliipinga tangu mwanzo. Wiki mbili hivi kabla ya kura, moto uliteketeza maelfu ya mashine hizo katika ghala la Kinshasa. Beni na Butembo, miji ya mashariki inayozungumza Kiswahili, iliondolewa kwenye kura ya urais kwa sababu zilizotajwa kuwa Ebola na usalama. Wakazi wa Beni hawakukaa nyumbani. Siku hiyo hiyo walipanga foleni, wakaandika kura zao kwenye karatasi na kuzihesabu wenyewe, wakijua kwamba hakuna mahali zitakapopokelewa.

Kisha ikatokea jambo ambalo wengi hawakulitarajia. CENI ilimtangaza Félix Tshisekedi mshindi wa urais kwa asilimia 38.6, mbele ya Martin Fayulu. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000, likasema matokeo hayo hayalingani na yaliyokusanywa vituoni. Januari 2019 gazeti la Financial Times likachambua takwimu zilizovuja kutoka kwenye mfumo wa kielektroniki wenyewe: Fayulu alikuwa na takriban asilimia 59, na namba hizo zilikaribiana sana na za Kanisa. Mahakama ya Katiba ilimthibitisha Tshisekedi hata hivyo. Kwa mujibu wa uchambuzi huo, basi, mashine iliyoogopwa na kila mtu haikupishana na karatasi. Kilichopishana na vyote viwili ni tangazo. Na matokeo ya kituo kimoja kimoja, ambayo yangemaliza ubishi, CENI haikuyatoa.

Mahakama nyingine zimeona tatizo hapo hapo. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisema raia asiye na utaalamu wowote lazima aweze kuhakiki hatua muhimu za uchaguzi. Namibia, nchi ya kwanza Afrika kupiga kura za kitaifa kwa mashine, mwaka 2014, iliambiwa na Mahakama ya Juu mwaka 2020 kwamba mashine zisizoacha kumbukumbu ya karatasi hazikubaliki. Uchaguzi wake wa kitaifa wa mwaka 2024 ukafanyika kwa karatasi. Kenya, Septemba 1, 2017, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake walifuta uchaguzi wa urais, na moja ya sababu ni tume kukataa kufungua seva zake kama ilivyoamriwa. Mwaka 2022 Kenya iliweka picha za Fomu 34A, fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000 kwenye mtandao, kila mwenye simu akajumlisha. Makamishna wanne bado waliyakana matokeo, lakini safari hii waliobishana walikuwa na fomu mikononi.

Haitoshi, basi, kwa Mtanzania kujivunia kalamu na karatasi. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, siku ambayo intaneti ilizimwa, waangalizi wa Umoja wa Afrika waliripoti kura kujazwa kwenye masanduku katika baadhi ya vituo, na baadhi ya waangalizi kutakiwa kuondoka wakati wa kuhesabu. Chumba kilichofungiwa mashahidi kina giza lile lile la mashine. Na kwa Ibara ya 41(7) ya Katiba, rais akishatangazwa na Tume, hakuna mahakama inayoweza kuchunguza uchaguzi wake. Kinachobaki mikononi mwa wananchi ni Fomu 21A yenye saini za mawakala. Kuipiga picha na kuiweka mtandaoni, kituo kwa kituo, kuanzia Usangi hadi Ujiji, hakuhitaji mashine mpya. Kunahitaji Tume iamue.