Ubadhirifu si wizi: Mipaka ya neno linalotumiwa kiholela

NENO ubadhirifu halikosekani katika kurasa za magazeti yetu, hasa wakati wa kusomwa kwa bajeti na pindi ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinapowasilishwa bungeni. Aghalabu hutumiwa kama jina la jumla la kila ovu linalohusu fedha. Aliyeiba huitwa mbadhirifu, aliyehongwa huitwa mbadhirifu, na aliyenunua viti vya bei ghali vya kuipamba afisi yake huitwa vivyo hivyo. Makala haya yanadhamiria kubainisha maana ya neno hili na kulitenga na jamaa zake. Kosa la kuyachanganya maneno haya si la lugha tu: humtia hatiani asiyestahili na kumsitiri anayestahili.

Ubadhirifu unatokana na kitenzi badhiri ambacho asili yake ni Kiarabu. Katika lugha hiyo, mzizi wa neno unahusiana na kutawanya mbegu. Picha iliyomo ni ya mtu anayerusha mbegu bila kujali zinaangukia wapi: penye rutuba, penye mwamba au njiani. Mbegu ni zake wala hakuziiba, ila hatavuna kitu. Kiswahili kilikuwa tayari na picha iyo hiyo katika kitenzi tapanya. Anayesema, "Ametapanya mali ya babake" na anayesema, "Ameibadhiri mali ya babake" wana kauli moja.

Kwa hivyo, kiini cha ubadhirifu ni kutumia mali mahali pasipostahili au kwa namna isiyo na manufaa. Mtu anaweza kubadhiri mali yake mwenyewe aliyoichuma kwa jasho. Kijana aliyerithi shamba akaliuza, kisha akazimaliza fedha zote kwa vileo na marafiki wa msimu, ni mbadhirifu bila shaka. Hata hivyo, hakuna polisi atakayemkamata kwa kosa la wizi.

Jamaa wa karibu wa ubadhirifu ni israfu. Neno hili pia lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kupita kiasi. Wanazuoni wa Kiislamu wameyatenganisha maneno haya mawili kwa muda mrefu, na Kurani inayakataza yote mawili: israfu katika kula na kunywa (Sura ya 7, aya ya 31) na ubadhirifu wa mali (Sura ya 17, aya ya 26 na 27). Kwa ufafanuzi wa wengi wao, israfu ni kuzidisha katika jambo ambalo kwa asili ni halali, ilhali ubadhirifu ni kutoa mali katika jambo ambalo halikustahili kutolewa chochote. Kumpikia mgeni ni wema. Kumpikia mgeni mmoja chakula cha watu kumi ni israfu. Kuzitupa fedha za chakula hicho katika kamari ni ubadhirifu.

Mfano wa israfu katika maisha ya umma tunao. Mnamo Juni 2009, aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alitangaza katika hotuba ya bajeti kwamba mawaziri wangetakiwa kuyaachilia magari makubwa yanayobugia mafuta na kutumia yenye injini isiyozidi sisi 1800. Hakuna aliyedai kwamba magari yale yaliibwa. Waziri anahitaji gari ili afanye kazi yake. Lililokuwa na utata ni kiasi. Hiyo ni israfu kwa maana yake kamili, na inasikitisha kwamba neno lenyewe limeanza kupotea katika uandishi wa habari nchini.

Neno la tatu ni ufujaji, kutokana na kitenzi fuja. Kufuja ni kuharibu, kuvuruga au kutumia ovyo, na ndiyo sababu kitenzi hiki kina uhusiano na nomino fujo. Ufujaji unasisitiza vurugu katika usimamizi: vitabu vya hesabu havijulikani viliko, stakabadhi hazipatikani, na mradi umelipiwa mara mbili kwa kuwa hakuna aliyekumbuka malipo ya kwanza. Wahenga waliiona hali hii waliposema mali bila daftari huisha bila habari.

Hapa inafaa kuwatahadharisha waandishi chipukizi kuhusu fuja na vuja. Kinachovuja ni bomba, paa, siri au mtihani. Fedha hufujwa. Sentensi "Maafisa hao walivuja mamilioni ya fedha" haina maana, kwa sababu kitenzi vuja hakichukui yambwa. Anayesababisha kitu kivuje hukivujisha. Vilevile, tahajia sahihi ni ubadhirifu, si "ubadirifu" wala "ubadhilifu". Nomino hii haina wingi: tunasema ubadhirifu umekithiri. Atendaye ni mbadhirifu, na wakiwa wengi ni wabadhirifu.

Mitaani yapo maneno mengine yenye ladha yake. Kuponda mali, kuponda raha na kutumbua pesa yote yana maana ya kutumia kwa fujo. Yana kicheko ndani yake, nayo hulifaa simulizi kuliko ripoti ya ukaguzi. Inashangaza kwamba kitenzi tumbua ndicho kilichotumiwa nchini Tanzania baada ya 2015, enzi ya Rais John Magufuli, katika msemo wa kutumbua majipu. Safari hii kilimaanisha kuwafuta kazi wale waliodaiwa kuila mali ya umma.

Sasa tuje kwenye ufisadi na wizi. Neno fisadi limesafiri mbali. Hapo awali lilimrejelea mtu mwovu, mwharibifu na hata mzinzi. Leo humrejelea hasa anayetumia mamlaka yake kujinufaisha. Wizi nao haujabadilika: ni kutwaa kisicho chako. Katika kashfa ya Goldenberg ya miaka ya tisini, serikali ililipa mabilioni ya pesa kama fidia ya mauzo ya dhahabu na almasi ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwepo. Kuuita mpango huo ubadhirifu ni kuupamba. Hakuna mbegu zilizotawanywa pale. Ghala ndilo lililovunjwa.

Katiba ya 2010 yenyewe inaitambua tofauti hii. Kifungu cha 229 kinataka ripoti ya ukaguzi ithibitishe mambo mawili: iwapo fedha za umma zimetumiwa kwa mujibu wa sheria, na iwapo zimetumiwa kwa njia yenye manufaa. Fedha zinaweza kupita mtihani wa kwanza na kuanguka wa pili. Zabuni imetangazwa, sahihi zote zipo, na bado wilbaro imenunuliwa kwa bei ya pikipiki. Hapo neno ubadhirifu lina kazi ya kufanya. Likiwa limekwisha kutumiwa kwa wezi, tutaliita nini kosa la afisa ambaye hakutia hata ndururu mfukoni lakini ameuacha mji bila maji?

Kwa mwandishi na mhariri, maswali matatu yatosha. Je, mali imeingia mfukoni mwa asiyestahili? Huo ni wizi au ufisadi, na ushahidi lazima uwepo kabla ya kuandika. Je, imetumiwa kwa jambo halali ila kwa kupita kiasi? Hiyo ni israfu. Je, imetumiwa kwa jambo lisilo na faida? Huo ni ubadhirifu. Na pakiwepo vurugu za hesabu, ni ufujaji.

Msomaji naye asikubali neno moja kwa makosa yote. Anapoarifiwa kwamba mamilioni ya kaunti yake "yamebadhiriwa", ana haki ya kuuliza: yalitawanywa, au yalichukuliwa? Yaliyotawanywa hudai msimamizi mwingine, na yaliyochukuliwa hudai mahakama.