Matumizi, Matumizi Mabaya na Uraibu wa Dawa: Mwamini Atofautisheje?

Katika Kiswahili neno "dawa" hubeba mizigo miwili. Dawa ni ile inayomponya mgonjwa. Nayo "dawa ya kulevya" ni ile inayomwangamiza kijana wa jirani. Kwa sababu neno ni moja, wengi wetu huchanganya mambo ambayo kwa kweli ni tofauti. Mchanganyiko huo una gharama. Familia humkatalia mgonjwa wa saratani mofini aliyoandikiwa na daktari, ikiogopa kwamba atakuwa "teja", naye huaga dunia katika maumivu ambayo yangeweza kutulizwa. Familia nyingine humfukuza kijana aliyekwisha kuwa mgonjwa, ikidhani kwamba kinachomkosesha ni aibu tu. Kwa hiyo tunapenda kueleza hatua tatu: matumizi, matumizi mabaya na uraibu.

1. Matumizi

Matumizi, kwa maana yake halali, ni kutumia dawa kwa lengo la tiba, kwa kipimo na muda ulioelekezwa na mtaalamu. Maandiko Matakatifu hayaoni haya juu ya jambo hili. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chafundisha kwamba dawa hutoka kwa Bwana na kwamba tabibu anastahili heshima. Naye Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Tim 5:23).

Hata dawa zenye nguvu zinaingia hapa. Mwaka 1957 Papa Pio XII aliwafundisha madaktari kwamba ni halali kumtuliza maumivu mgonjwa mahututi, hata kama tiba hiyo yaweza kufupisha maisha, mradi kifo hakikusudiwi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inashika fundisho hilo hilo (namba 2279). Mgonjwa anayetumia mofini kwa muda mrefu mwili wake huweza kuizoea, hata akaugua ikikatwa ghafla. Huo ni utegemezi wa kimwili, nao peke yake si uraibu. Daktari hupunguza kipimo hatua kwa hatua, na mgonjwa huiacha bila kuitafuta tena.

2. Matumizi mabaya

Matumizi mabaya huanza pale dawa inapotolewa katika lengo lake au kupita kipimo chake. Vijana wanaokunywa chupa nzima ya dawa ya kikohozi yenye kodeini ili wapate ulevi, anayemeza tramado ili aendeshe gari usiku kucha, anayemeza vidonge vya usingizi alivyoandikiwa mwingine: wote hao wanatumia vibaya kitu ambacho mahali pake ni tiba. Kwa upande wa heroini, inayoitwa "unga" mitaani, au bangi inayovutwa kwa starehe, hakuna tiba inayotafutwa tangu mwanzo.

Tusidanganywe na uhalali wa sheria pekee. Mirungi huuzwa kihalali nchini Kenya, na hapa Tanzania imepigwa marufuku. Pombe inaruhusiwa kotekote, nayo inavunja nyumba nyingi. Katekisimu inatuelekeza kwenye fadhila ya kiasi, ikikataza kupita kiasi katika chakula, pombe, tumbaku na hata dawa (namba 2290), na inafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya pasipo sababu ya kitabibu ni kosa zito (namba 2291).

Alama ya hatua hii ni kwamba mtu bado anaweza kuchagua. Anaweza kuanza Ijumaa na kuacha Jumatatu. Kwa sababu hiyo wajibu wake wa kimaadili ni mkubwa, na hapa ndipo onyo la mzazi, la katekista au la rafiki linapofaa zaidi. Anayesubiri mpaka kijana auze godoro la mama yake amechelewa.

3. Uraibu

Waswahili wa pwani walilitumia neno "uraibu" kwa tambuu, popoo na tumbaku, vitu ambavyo mtu akivizoea hukosa raha bila ya kuvitafuna. Leo neno hilo lataja ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linautambua kwa ishara kuu tatu. Kwanza, mtu hushindwa kujitawala: anakusudia kidogo, anatumia kingi; anaapa kuacha, anarudi. Pili, dawa hupewa nafasi ya kwanza, mbele ya kazi, ndoa, watoto na sala. Tatu, mwili hubadilika: kipimo cha jana hakitoshi leo, na ikikosekana huja "arosto", yaani maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha, jasho na kukosa usingizi.

Chanzo chake kimo katika ubongo. Dawa hizi huchochea kwa nguvu kemikali iitwayo dopamini, inayoufundisha ubongo kipi kitafutwe. Zikirudiwarudiwa, ubongo hujifunza kuitafuta dawa kama mwenye njaa anavyotafuta chakula. Mraibu aliyekomaa mara nyingi hatumii tena ili afurahi, bali ili asiugue. Mtume Paulo, akieleza utumwa wa dhambi, alisema kwamba lile jema alitakalo halitendi (Rum 7:19). Mraibu analijua neno hilo kwa mifupa yake.

4. Kwa nini tofauti hii ni muhimu kwa roho

Katekisimu inafundisha kwamba wajibu wa mtu kwa tendo lake waweza kupungua, hata kufutika, kwa sababu ya mazoea, hofu na mambo mengine ya nafsi au ya kijamii (namba 1735). Hii haina maana kwamba mraibu hana dhamiri. Ana wajibu mmoja ambao hakuna awezaye kuutimiza kwa niaba yake: kukubali msaada.

Mtakatifu Marko Ji Tianxiang ni mwalimu wetu hapa. Alikuwa tabibu Mkatoliki nchini China katika karne ya 19, aliyewatibu maskini bila malipo. Alipougua tumbo alitumia afyuni kama dawa, naye akanaswa. Aliungama kosa hilo mara nyingi, hata muungamishi wake akamnyima maondoleo, akiona hana nia ya kuacha. Kwa miaka ipatayo 30 hakupokea Sakramenti, lakini hakuacha kusali wala kwenda kanisani. Mwaka 1900 aliuawa kwa ajili ya imani, na tarehe 1 Oktoba 2000 Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na wafiadini wenzake wa China. Sisi mapadre tunaoketi kitubioni tunapaswa kuyatafakari maisha yake kwa unyenyekevu: kuanguka tena si lazima kuwe ushahidi wa kukosa toba.

5. Tufanye nini?

Familia ivunje ukimya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mnywaji wa pombe wa miaka mingi asilazimishwe kuacha ghafla nyumbani, maana degedege na kuchanganyikiwa kunakofuata kwaweza kumuua, apelekwe hospitali. Aliyetoka kwenye nyumba ya upataji nafuu aelezwe wazi kwamba mwili wake umepoteza mazoea, na kipimo cha zamani cha heroini chaweza kumwua siku ile ile anayorudia.

Kwa waraibu wa heroini, tiba ya methadoni hutolewa nchini tangu mwaka 2011, ilipoanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mgonjwa hunywa kipimo chake kila siku mbele ya mhudumu, arosto hutulia, naye huepuka sindano za kuchangia zinazoeneza virusi vya UKIMWI. Mwezi Juni 2014 Papa Fransisko alitahadharisha kwamba dawa mbadala si tiba ya kutosha. Tunaielewa tahadhari hiyo hivi: methadoni ni mkongojo, na mwenye mkongojo anahitaji pia mahali pa kwenda. Anahitaji kazi, ushauri nasaha, msamaha wa nyumbani na Jumuiya Ndogo Ndogo inayomwita kwa jina lake la Ubatizo badala ya kumwita "teja".

Basi tuwafundishe watoto wetu kiasi kabla ya mazoea, tuwaonye kwa upendo walioanza kupotoka, na waliokwisha kufungwa tuwasindikize kwa tabibu na kwa Sakramenti, pasipo kuhesabu wameanguka mara ngapi.

Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, utuombee.