MAJI YA MVUA MIJINI: Kuyakinga, Kuyasafisha na Kuyatumia (Singida)

Maji ya mvua mijini ni yale yanayoanguka juu ya mapaa, barabara, nyua na majabali, yasipate nafasi ya kuzama ardhini, yakateremka mabondeni kwa kasi. Na elimu ya kuyakinga, kuyasafisha na kuyarejesha katika matumizi ya watu ni tawi la uhandisi ambalo katika nchi kavu linastahiki kutangulizwa mbele ya matawi mengine mengi. Hapa inaelezwa kwa mfano wa Singida, katika Tanzania ya kati, kwa kuwa ni nadra kuona mahali ambapo umbo la nchi lenyewe limeiweka hoja hii dhahiri namna hiyo.

Mji wa Singida umekaa kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,500 toka usawa wa bahari, baina ya majabali ya itale na maziwa mawili, Singidani na Kindai. Mvua ya mkoa ni ya msimu mmoja, ghalibu kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 800. Miezi iliyosalia ni ya jua na upepo. Maziwa hayo hayana mto utokao, kwani yamo katika Bonde la Kati, ambalo maji yake hayafiki baharini kamwe, na ambalo bodi yake ya maji ina makao makuu papo hapo Singida. Maji yaingiayo ziwani hutoka kwa njia ya mvuke tu, na chumvi hubaki nyuma. Ndiyo sababu maji yake hayanyweki, ijapokuwa heroe hupata riziki humo na watazamaji wa ndege huyasifu maziwa hayo ulimwenguni. Basi mvua ikishafika Singidani imekwisha kutoka katika hesabu ya maji ya kunywa, na wakati wa kuikinga ni ule mfupi ilipo baina ya paa na ufuko.

Mji wenyewe hunywa maji ya visima virefu, vikiwemo vya Mwankoko na Irao, yanayosambazwa na mamlaka ya maji, SUWASA. Lakini miamba ya itale haihifadhi maji ila katika nyufa na katika tabaka iliyooza juu yake, na sehemu kadhaa za mkoa maji ya chini yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Nayo ikizidi huyatia meno ya watoto madoa ya hudhurungi, na ikizidi sana hudhuru mifupa. Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno. Kwa hiyo kuyachanganya na maji ya kisima, kwa kipimo kilichopimwa maabara, ni dawa nafuu kuliko mitambo mingi.

Paa ndilo la kwanza kuzingatiwa. Nyumba ya asili ya nchi hii, ya Wanyaturu na ya Wagogo kadhalika, ni tembe, yenye paa bapa la udongo juu ya boriti, ambalo haliwezi kutoa maji safi. Bati lilipoenea ndipo kila nyumba ilipopata uwezo wa kuwa chanzo cha maji, japo wengi hawajautumia. Paa la mita 100 za mraba, likipata milimita 650 kwa mwaka na kupoteza sehemu ya tano kwa mivujo na mvuke, hutoa lita 52,000. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku 210 za kiangazi wanahitaji lita 25,200. Hivyo kinachokosekana si mvua, ni tangi, na tangi la ukubwa huo ni ghali kwa mtu mmoja, wala si ghali kwa shule, zahanati, msikiti, kanisa au soko.

Majabali nayo ni mali ambayo Singida imepewa bure na kuidharau. Huko Aden, chini ya Jabali Shamsan, watu wa kale walichonga mahodhi ya Tawila ili kupokea mvua ya mlimani, na Waingereza waliyafukua tena katika karne ya 19. Huko Kitui, nchini Kenya, kukinga maji ya majabali ni amali ya miaka mingi. Kazi yenyewe ni hii: jabali husafishwa udongo na majani ya nyufani, kisha hujengwa juu yake ukingo wa mawe na saruji, wa kimo cha shubiri moja au mbili, ukilizunguka kwa mteremko mdogo, uelekeze maji kwenye kichujio cha kokoto na toka hapo kwenye hodhi lililofunikwa. Jabali la hekta moja, kwa mvua ya milimita 10 tu, hupokea lita 100,000, na hata tukitoa sehemu tatu katika kumi hubaki 70,000. Mbuzi wasipande juu yake, wala lisipasuliwe kwa ajili ya kokoto.

Maji ya barabarani yana hukumu nyingine. Mhandisi huanza kwa kukadiria wingi wake: eneo la hekta 10 la mtaa uliojengwa, ambapo sehemu sita katika kumi za mvua hutiririka, likipigwa na mvua ya milimita 60 kwa saa hutoa mita 1 ya ujazo kila sekunde. Kwa mabonde makubwa zaidi hutumika kanuni ya mafuriko ya Afrika Mashariki iliyotolewa na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza mwaka 1976. Ada ya miji yetu imekuwa kuichukua hesabu hiyo kujenga mtaro mpana wa kuyafukuza maji upesi; nayo ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo duni, maana mtaro huo hupeleka ziwani takataka, mafuta na mchanga pamoja na maji. Tadbiri iliyo bora ni kuyapunguza kasi kwa vizuizi vya mawe, kuyatuamisha katika bwawa dogo, kuyapitisha katika matete na mafunjo, ndipo kuyaruhusu yazame au yakamwagilie bustani na miti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa mabwawa ya mimea ya namna hiyo tangu 1998, hasa kwa maji taka, na kanuni zake zinafaa hapa pia. Singapore, iliyofunga mdomo wa ghuba yake mwaka 2008, hukinga mvua ya thuluthi mbili za nchi yake na kuinywa. Lakini huko usafishaji ni wa mitambo mikubwa.

Daraja za usafi hufuata matumizi. Kwa bustani na ujenzi hutosha kutuamisha. Kwa kunywa, maji ya mvua ya kwanza humwagwa, yakishasafisha paa na kuondoa vumbi la kiangazi. Yanayofuata hupita katika mchanga mwembamba taratibu, njia iliyoanza kutumika London mwaka 1829 na hadi leo haijapitwa na wakati. Kisha hutiwa klorini. Hodhi lifunikwe na tundu la kufurikia lizibwe kwa wavu, la sivyo litazaa mbu. Tena lambo lililo wazi hupoteza maji mengi, kwani jua la nchi hii laweza kuondoa karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Afadhali maji yahifadhiwe ndani ya mchanga wa korongo, nyuma ya ukuta mfupi, kama wafanyavyo Kitui.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa, na ukanda huo, ukiheshimiwa, ndio mahali pa matete. Mitaa ya Singida bado inapimwa kila mwaka. Wapimaji na madiwani wazichore njia za maji na kuyatenga majabali kabla ya kugawa kiwanja cha kwanza, kwa kuwa nyumba ikishajengwa juu ya njia ya maji, fidia ya kuihamisha hugharimu kuliko hodhi.