Windows 10: Ya Bure Iliyokula Bando
Wadau, mnaikumbuka hii? Tarehe 29 Julai 2015 Microsoft waliachia Windows 10, bure mwaka mzima kwa wenye Windows 7 na 8.1. Balaa ni kwamba kompyuta kibao zilianza kuishusha zenyewe, GB kama 3 hivi, bila mwenyewe kuulizwa. Kwa mtu wa Nkoaranga anayeishi kwa bando, hiyo bure ina bei!

Kule California, mama mmoja mwenye ofisi ya kupanga safari alisema kompyuta yake ilivurugika, kazi zikasimama. Akaenda mahakamani, akashinda dola 10,000. Mwaka 2016 Microsoft wakaachana na rufaa, wakalipa.

Huku kwetu? Bando likikatika, unamshtaki nani? Watu walizoea tu.