Hasira ya Nani?

Kuanzia Komakoma hadi Kwa Kopa, habari ya mke kuuawa na mumewe haifiki Mwananyamala bila msemo mmoja: wivu wa mapenzi. Umo magazetini, umo katika taarifa za polisi, umo kwenye vijiwe vya kahawa. Ndugu yake ni “wananchi wenye hasira kali”, jina la kundi lililomuua mtu aliyeitiwa mwizi. Misemo hii inadai kueleza chanzo cha kifo, lakini hufanya kazi ya wakili wa utetezi, tena kabla ya kesi kufunguliwa.

Sheria yetu Tanzania ni kali zaidi kwa hasira kuliko misemo hiyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 201, inamtambua aliyeua kwa hamaki baada ya kughadhibishwa ghafla, kabla hasira haijapoa. Kosa lake hushuka kutoka kuua kwa kukusudia, ambako adhabu ni kunyongwa, hadi kuua bila kukusudia, ambako adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Hatia inabaki, kinachopungua ni uzito wake.

Kila neno humo ni kizingiti. Ghafla: aliyelala na kinyongo akaamka kunoa kisu, hapiti. Kabla ya kupoa: aliyeondoka, akazunguka mitaa, kisha akarudi na panga, ana kazi kubwa mbele ya jaji. Kifungu cha 202 kinaongeza mtu wa kawaida: tendo ovu au tusi liwe la kumfanya mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa ashindwe kujizuia. Tena tendo halali si uchokozi. Mke aliyekwenda mahakamani kudai talaka hajamchokoza mtu.

Hata hivyo, neno kughadhibishwa linanitia shaka. Viambishi vyake vinamtafuta mtu wa pili: nani alimghadhibisha? Jibu huwa marehemu, naye hawezi kusimama kujieleza.

Uingereza, ambako utetezi huu ulizaliwa, iliachana na istilahi hiyo. Sheria ya 2009, iliyoanza kutumika Oktoba 2010, iliweka kushindwa kujizuia. Sharti la ghafla likaondolewa, maana hasira ya mwanamke aliyepigwa kwa miaka hujaa polepole. Usaliti wa kimapenzi peke yake hauhesabiki kuwa sababu, ingawa mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ya huko iliamua kwamba unaweza kutazamwa kama sehemu ya mkasa mzima.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania, kwa hiyo uchaguzi wa istilahi sasa uko mikononi mwetu. Mimi nachagua kushindwa kujizuia, kwa sababu aliyeshindwa ni mmoja, naye ndiye aliyeua. Na magazetini tuandike alimuua mkewe, tuweke nukta. Kuipima hasira ni kazi ya mahakama.