Maarifa ya Kiti Hayaji na Kiti

Historia ya watu wenye ulemavu wa viungo hapa kwetu husimuliwa kwa picha moja: mgeni rasmi, kiti mwendo ambacho hakijatolewa hata nailoni, makofi, basi. Picha hiyo inamwacha nje mtu wa muhimu kuliko wote, yule mwenzake aliyemfundisha mwenye kiti namna ya kuishi nacho.

Singida yetu ni mawe na mchanga. Gurudumu dogo la mbele la kiti kilichoundwa kwa sakafu laini huzama mchangani, umekwama. Ndiyo maana wengi huipenda baiskeli ya miguu mitatu, ya kuendesha kwa mikono. Cheni, spoku na mpira wake ni vya baiskeli ya kawaida, na fundi baiskeli hakosekani. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyepata polio utotoni, nilimsikia akimwambia mwenzake: "Usikimbilie kununua cheni mpya. Tazama kwanza meno ya gia." Sentensi kama hizo ndizo maktaba yao.

Wapo walioandika za kwao. Mwaka 1958, huko Ohio, Marekani, Gini Laurie alianza kuhariri Toomey j Gazette, jarida la watu walionusurika polio, wengine wakipumua kwa mashine. Walielezana jinsi ya kugeuza ukurasa, kusafiri, kupata kazi. Mwaka 1980 Ralf Hotchkiss, mhandisi anayetumia kiti mwendo, alifika Nicaragua akakuta vijana wanne wakitumia kiti kimoja kwa zamu na kukirekebisha wenyewe. Alijifunza kwao, na mwaka 1985 akatoa kitabu cha kuunda viti kwa vifaa vya karakana ya kawaida. Baadaye mtandao huo wa mafundi ulichukua kutoka Zimbabwe gurudumu pana la mpira la mbele, lisilozama mchangani. Yaani jawabu la tatizo letu lilitoka Afrika hii hii, likapita mkono kwa mkono.

Nasi hatukulala. CHAWATA, Chama cha Walemavu Tanzania, kilianzishwa 1981, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Kwa hiyo vikundi vipo, na watu hukutana.

Ila kuna jambo linanikosesha usingizi. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya virusi vya asili nchini alipatikana 1996. Kizazi kilichobeba ujuzi huu kinazeeka, na wanaoingia sasa wengi ni vijana walioumia uti wa mgongo, wengine kwa ajali za bodaboda. Mzee wa polio anaweza kumfundisha kijana huyo kila kitu kuhusu cheni na mchanga. Lakini polio humwachia mtu hisia za ngozi. Uti wa mgongo ukikatika, hisia hupotea. Kijana asipoambiwa ajiinue kitini mara kwa mara ili damu ipite, atapata kidonda asichokisikia, na kidonda hicho huua. Hilo atalijua vizuri kwa aliyeumia kama yeye. Moshi kuna KASI, chama cha walioumia uti wa mgongo Kilimanjaro. Wa kijijini Mkalama au Ikungi amuulize nani?

Sisi wapenda vitabu tunalia kwamba Kiswahili kinakosa maandishi. Jamani, hili hapa linasubiri. Kurasa nne tu, Kiswahili cha mtaani, na michoro: kukaza spoku, kuvuka mchanga, kukagua ngozi kwa kioo kila jioni. Waseme wao wenyewe, sisi tushike kalamu, kisha zibandikwe kwenye kibanda cha fundi baiskeli.