Pangani Haikuzaliwa Kimya

Ndugu msikilizaji, watu wa Dar es Salaam na wa Tanga mjini wana neno moja wanalolipenda sana kuhusu Pangani. Ukiwauliza habari za huko watakujibu, "Aa, Pangani? Mji ule umelala." Wapo wasemao hivyo kwa dharau, na wapo wasemao kwa wivu kwa kuwa wamechoka na honi na foleni. Mimi nina swali kwao wote. Aliyelala alikuwa macho kabla ya kulala. Je, Pangani ililala lini, na ni nani aliyeilaza?

Kulitafuta jibu hakuhitaji safari ndefu. Nusu siku inatosha, na gari liache nyumbani. Basi la asubuhi kutoka Tanga linakwenda kusini kiasi cha kilometa 50, likipita Tongoni na Kigombe, na kabla jua halijawa kali umekwisha kufika. Ukishuka usianze kuzungukazunguka mjini. Nenda moja kwa moja kivukoni, ukate tiketi ya mtembea kwa miguu, upande pantoni na kuvuka mto hadi Bweni, ng'ambo ya kusini. Ni dakika chache tu. Kisha geuka uutazame mji ulikotoka.

Nasema uache gari kwa sababu mwenye gari akiwa juu ya pantoni hautazami mto. Anatazama bampa ya gari lililo mbele yake huku akiziombea dua breki zake. Mtembea kwa miguu anasimama ukingoni pamoja na kina mama wenye vikapu na vijana wenye baiskeli, anasikia injini, injini ikizimwa anasikia maji, basi. Sisi watu wa redio kimya kinatutisha. Sekunde tano tu zikipita hewani bila sauti, fundi mitambo anarukia muziki na simu ya mkubwa inalia. Pengine ndiyo maana kimya cha Pangani hunishughulisha kuliko kinavyomshughulisha mgeni mwingine anayekwenda kupumzika.

Sasa tazama kutoka Bweni. Mbele yako ni mto mpana, maji yake rangi ya udongo, uliotoka mbali sana. Maji haya yalianza safari katika mabonde ya Kilimanjaro na Meru, yakateremka kandokando ya milima ya Upare na Usambara, yakapita Korogwe, yakaanguka kwenye maporomoko, yakaja kuishia hapa, mwendo wa kilometa zipatazo 500. Mtu wa zamani asiye na ramani aliuelewa mto huo vizuri. Alijua kwamba akiufuata kwenda juu atafika kwenye pembe za ndovu, na akiufuata kurudi chini atafika baharini kwenye wanunuzi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Pangani. Wakati Bagamoyo ilipokuwa mlango wa njia ya Tabora na Ujiji, Pangani ilikuwa mlango wa njia ya Usambara, Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Waingereza Burton na Speke walipita hapa mapema mwaka 1857, kabla ya ile safari yao mashuhuri ya maziwa makuu, wakapanda bonde hadi Vuga kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1887, Hesabu Teleki wa Hungaria alianzia papa hapa safari iliyomfikisha ziwa ambalo leo linaitwa Turkana. Wageni hao wameandikwa sana. Wasioandikwa ni wapagazi, watu wa pwani na wa bara, waliobeba vitambaa, shanga na nyaya kwenda nazo juu, wakarudi na meno ya tembo mabegani. Msafara ukirejea mji ulikuwa haulali. Zilipigwa ngoma, zikaliwa karamu, majumbe na matajiri wakashindana kwa ukarimu mbele ya watu, maana heshima katika miji ya Mrima ilikuwa kitu cha kununuliwa kwa sahani za wali. Jonathon Glassman, mwanahistoria wa Marekani, alipoandika kitabu kuhusu Pangani ya wakati huo, kilichotoka mwaka 1995, alikiita kwa jina la karamu na ghasia. Mji uliolala haupewi jina kama hilo.

Kulikuwa na sauti nyingine, na hiyo haikuwa ya furaha. Ukipanda mashua na kuufuata mto kwenda juu utapita minazi, kisha minazi tena. Katika karne ya 19 kingo hizo zilikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu na ya baadhi ya matajiri wa mji. Miwa ilikamuliwa katika vinu, maji yake yakachemshwa kwenye masufuria makubwa hadi yakawa sukari guru na asali ya miwa, vikapakiwa majahazini kwenda Unguja na ng'ambo. Kazi hiyo haimngoji mtu apumzike, kwa kuwa muwa ukishakatwa lazima ukamuliwe upesi kabla haujaharibika. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa mtumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kufungwa kwa soko hakukuwa kufungwa kwa shamba. Utumwa wenyewe haukupigwa marufuku kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922. Watumwa wa Pangani hawakungoja sheria hiyo. Wengi walitoroka wakajijengea maisha yao mbali na mabwana zao. Majina yao hatunayo. Mgeni anayepita leo akisifu utulivu wa minazi ile, ni vyema ajue kwamba anapita kwenye kiwanda.

Mmoja wa wenye mashamba hayo alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi. Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu shuleni tulifundishwa "vita vya Abushiri" kana kwamba mtu mmoja aliamka siku moja akakasirika.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia sahihi mkataba uliokabidhi utawala wa pwani na ushuru wake kwa kampuni ya Kijerumani kwa miaka 50. Watu wa pwani hawakuulizwa. Mwezi wa Agosti maofisa wa kampuni wakaanza kushuka mijini. Pangani ilimpata Emil von Zelewski, kijana mwenye kiburi cha kupindukia. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe penye makao ya liwali. Liwali akakataa, akisema yeye ni mtu wa Sultani na si mtumishi wa kampuni. Zelewski akaita wanamaji kutoka manowari, nao wakashuka na bunduki. Habari ya Wajerumani kuingia msikitini ilisambaa Mrima nzima kuliko habari yoyote ya ushuru.

Manowari ilipoondoka, mji ukajibu. Mwanzoni mwa Septemba watu wa Pangani walimfungia Zelewski na wenzake ndani ya nyumba yao, na ikabidi Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza askari wa Sultani, aje kwa meli kuwatoa. Muda si mrefu Mathews naye akaona hapakaliki, akaondoka. Sasa jiulize waliofanya hivyo walikuwa nani. Abushiri alikuwamo, na baadaye ndiye aliyebeba jina la vita. Lakini mji mwezi huo ulikuwa na wageni wengi wa bara waliokuja na misafara, ulikuwa na majumbe walioona heshima yao inanyang'anywa, mafundi, wavuvi, na watumwa waliokuwa na hesabu zao wenyewe za kulipa. Wengine walimpinga Mjerumani, wengine walimpinga Sultani aliyewauza, na wapo waliowapinga hao wote pamoja na matajiri wa mji wao. Ghasia ya aina hiyo haina kiongozi mmoja. Kuiita kwa jina la mtu mmoja ni kuufunga mdomo mji mzima, na huo kwa maoni yangu ndio usingizi wa kwanza ambao Pangani ililazwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Berlin ilimtuma Hermann von Wissmann na askari wa kukodi, wengi wao Wasudani waliochukuliwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo ilivunjwa Mei 1889, Pangani ikatekwa Julai. Abushiri aliendelea kupigana bara, mwishowe akakamatwa na kutolewa kwa Wajerumani, akaletwa Pangani na kunyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni aliyeishi nyakati hizo, aliitungia vita hiyo utenzi uitwao Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hatukuachiwa maelezo kwa lugha yetu. Zelewski alirudi katika ardhi hii akiwa kamanda wa jeshi, na tarehe 17 Agosti 1891 akauawa na majeshi ya Mkwawa huko Lugalo, Uhehe. Kiburi chake hakikuwa kimepungua.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, kitanzi hakikuinyamazisha Pangani. Kilichoinyamazisha ni reli.

Mlango wa mto Pangani una fungu la mchanga. Jahazi linapita maji yakijaa, meli kubwa haipiti. Kwa biashara ya majahazi hilo halikuwa tatizo, lakini Wajerumani walitaka bandari ya meli, na Tanga ina ghuba yenye kina kirefu. Mwaka 1893 wakaanza kujenga reli kutoka Tanga. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Ichukue ramani uitazame Korogwe. Iko juu ya mto uleule wa Pangani. Reli iliikata njia ya misafara katikati kama mtu akatavyo kamba, mzigo wote wa juu ukageuzwa kwenda Tanga, na mji uliokuwa ukingojea mwisho wa kamba ukabaki umeshika kipande kitupu. Mpagazi aliyekuwa akishuka na pembe hakuja tena. Asipokuja yeye, karamu anapikiwa nani?

Na kuna jambo ambalo mtu wa Bweni ana haki ya kulicheka kwa uchungu. Mwaka huohuo wa 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilifika 62 tu iliyo hai, nayo ikapandwa Kikogwe, upande huuhuu wa Bweni uliosimama sasa. Mkonge wa Tanganyika, ambao katikati ya miaka ya 1960 ulizidi tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani, ulianzia katika miche hiyo. Fedha zake zilijenga Tanga. Pangani ilitoa mbegu, na reli ikapeleka mavuno kwingine. Mkonge wenyewe baadaye ulianguka bei, kamba za nailoni zilipoingia sokoni, lakini hiyo ni mazungumzo ya wiki nyingine.

Baada ya hapo mji ukawa mahali pa makarani. Mmoja wao alikuwa kijana wa Tanga aliyefanya kazi ya forodha hapa tangu miaka ya 1920, jina lake Shaaban Robert. Forodha iliyokuwa na meno ya tembo na sukari ilikuwa sasa na kazi kidogo, na karani akapata wasaa wa kuandika. Sisemi kwamba reli ndiyo iliyotupa mshairi. Nasema tu kwamba Pangani iliyopoa ndiyo aliyoijua.

Wakati pantoni ikirudi kukuchukua, tazama tena maji. Mto huu umefungwa bwawa la Nyumba ya Mungu, unaendesha mitambo ya umeme Hale na Pangani Falls, unanyweshea mashamba ya mpunga na ya maua huko juu. Kinachofika hapa chini ni kile kilichobaki. Maji ya mto yakipungua nguvu, bahari inapanda, na wakulima wa kingoni wamekuwa wakilalamika kwamba chumvi inawafuata mashambani. Wa juu waliamua, wa chini akapokea. Mtindo huo umeanza tangu reli.

Katika miaka hii ya 2020 serikali ilianza kujenga daraja la kuvuka mto huu, sehemu ya barabara mpya ya lami ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga. Wapo wanaosikitika kwamba utulivu utakwisha. Mimi simo. Watu wa Pangani hawakuuomba utulivu huo, na hakuna aliyewalipa kwa kuutunza ili sisi wa mjini tupate pa kupumzikia. Mjamzito wa Bweni anayehitaji hospitali usiku hana haja na mandhari ya pantoni.

Wasiwasi wangu ni mwingine, nao nauelekeza kwa wapangaji wa mambo. Barabara hiyo inaunganisha Bagamoyo na Tanga. Basi la mwendo mrefu likishapata lami na daraja, litakuwa na sababu gani ya kuingia mjini? Reli iliipita Pangani kwa upande wa juu, sasa barabara isije ikaipita kwa upande wa pili. Ombi langu ni stendi iwe karibu na soko, si nje porini. Na hata daraja likichukua magari yote, kivuko cha watembea kwa miguu kati ya Bweni na mjini kibaki, pantoni au boti, kwa nauli ileile ndogo. Mama mwenye kikapu cha samaki anayevuka asubuhi kwenda sokoni hana gari la kupitisha darajani.